Mpwa wangu amenitumia wimbo tena

Mtwara, Jumapili usiku, mwezi wa tatu

Leo nilipotoka kanisani nilikuta ujumbe wa mpwa wangu kwenye simu. "Shikamoo mjomba. Kuna kitu nimekitengeneza, ukipata nafasi kisikilize." Chini yake faili. Niliusoma mara tatu nikiwa bado nimesimama mlangoni, wanakwaya wakinipita na madaftari yao ya solfa. Mara ya mwisho kunitumia wimbo ilikuwa mwezi wa nne mwaka jana. Tangu hapo ananisalimia, ananiulizia afya, basi. Wimbo hata mmoja hakuleta, na aliyemfunga mdomo ni mimi.

Niandike ilivyokuwa. Mwaka jana aliucheza wimbo wake kwenye kompyuta, akaweka simu mbele ya spika, akanirekodia kwa sauti ya WhatsApp. Nilikuwa stendi nasubiri gari la Masasi, wapiga debe wanapiga kelele pande zote. Nikasikiliza dakika moja na nusu ya wimbo wa dakika nne, nikamwandikia: "Bezi haipo kabisa, ongeza. Halafu bado haujakaa sawa, rudia." Gari likaja, nikapanda.

Akaongeza. Wiki mbili baadaye wimbo ukapigwa kwenye harusi ya jirani yao, Magomeni. Dada yangu ndiye aliyenisimulia: kwenye yale maspika makubwa bezi ilifunika kila kitu, neno hata moja halikusikika, soda zikatetemeka mezani, na mpiga muziki akaukatisha katikati akaweka mwingine. Kijana alikuwa amenunua shati kwa ajili ya siku ile. Hakunilaumu. Hakumwambia mtu kwamba bezi ile ameiongeza kwa sababu mjomba kasema.

Bezi ilikuwepo tangu mwanzo. Nota ya chini kabisa ya gitaa la bezi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, kitu chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, ikishuka chini ya mara 200 au 300 haina nguvu tena. Unachosikia kwenye simu ni zile sauti nyembamba zinazopanda juu ya nota, sikio linajazia lililobaki. Tena ile rekodi ya WhatsApp ilikuwa imeshakamuliwa ili ifike haraka, na mimi nilikuwa kwenye makelele. Kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kulikumbuka: Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio la binadamu huzipoteza nota za chini kwanza. Nalijua hilo miaka mingi. Nimewaeleza vijana wengine. Lakini siku ile nilitoa hukumu kama mtu aliyekaa studio, kumbe nimesimama kwenye vumbi na simu sikioni.

Na kwetu neno la mjomba si neno la mtu yeyote tu. Wamakonde ukoo tunaufuata upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada ni wangu kabisa, na nikisema rudia, anarudia. Mtu mwingine angesema "bezi haipo" angeweza kumpuuza. Mimi hawezi. Hilo lilipaswa kunifanya niwe mwangalifu mara mbili, na nadhani lilinifanya mzembe, kwa sababu nilijua atatii.

Kwaya pia imenizoesha vibaya. Kwenye kwaya nasimama mbele ya watu thelathini nasema, "Sauti ya tatu mnashuka, turudie," na hakuna anayeumia, maana kosa ni la kundi na wanalibeba pamoja. Huyu amekaa peke yake usiku, godoro ameliegemeza ukutani ili chumba kisirudishe sauti, kompyuta ya kuazima, amerudia mstari mmoja mara ishirini. Huwezi kumwambia "haujakaa sawa" ukaondoka. Sawa wapi? Dakika ya ngapi? Kwa kulinganisha na nini? Neno lile halimpi mtu pa kushika, linamwachia aibu tu.

Basi leo sikumjibu kanisani. Nilimwandikia tu: "Marahaba mjomba. Nimefurahi sana. Nitausikiliza nikiwa nyumbani." Nikamuungia kifurushi na kumwomba anitumie faili kamili, maana alikuwa amenitumia MP3 ya MB tisa na kidogo, na wimbo wa dakika nne bila kukamuliwa unafika kama MB 42. Kwa bando la kijana asiye na kazi hiyo si kidogo.

Nilisikiliza mara ya kwanza nikiwa nimekaa tu, sikushika kalamu. Wimbo unahusu mama yake, yaani dada yangu. Kila mwaka mwezi wa sita anapanda Newala kwenye mikorosho ya ukoo, kusimamia kupulizia salfa, baadaye kuokota, na harudi mpaka minada iishe, mara nyingi Desemba. Kijana anaimba akiiambia barabara ya Nanyamba imrudishie mama. Ninaandika hapa kwamba nililia kidogo, na nilipompigia nilimwambia hivyo kabla ya jambo lolote.

Mara ya pili nilivaa headphone na kuchukua daftari. Mara ya tatu nikaupiga kwenye sabufa ya sebuleni, bezi nikiwa nimeirudisha katikati kwa sababu watoto huipandisha mpaka mwisho. Jioni nikamwomba jirani mwenye bajaji auweke humo, tukazunguka mpaka Shangani na kurudi. Siku hizi kila nikiandika jambo ninaandika pembeni nimelisikia kwenye nini. Lililosikika kwenye headphone peke yake nikaliwekea alama ya kuuliza.

Daftari lilijaa mambo kumi na moja. Nikayakata mpaka matatu. Mengine yalikuwa mapenzi yangu tu, kwa mfano kinanda kile ningekipiga mimi nisingekipiga vile, lakini wimbo si wangu. Na mengine yatajirekebisha yenyewe haya matatu yakikaa.

La kwanza ndilo lililonichukua muda. Ngoma. Alivuka na boti kwenda Msangamkuu kumrekodi mzee mmoja anayepiga ile ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka, ya kuchomekwa mchangani. Sauti yake ni nzuri mno, kavu, unausikia mkono wenyewe. Lakini ikifika dakika ya 2 na sekunde 41 kuna kitu kinalegea. Wimbo unakuwa kama umechoka. Nilidhani ni bezi, nilidhani ni kasi. Nikakaa na kinanda changu nikatafuta sauti ya ngoma: mwanzoni iko juu, baada ya pale imeshuka karibu nusu toni, na ala nyingine zote ziko palepale.

Nilipompigia nilimuuliza, "Mjomba, hapa 2:41 ulifanya nini?" Akanyamaza kidogo. Akasema ameunga rekodi mbili, ya asubuhi na ya jioni. Asubuhi mzee alipasha ngoma moto kabla ya kupiga. Jioni moto ulikuwa umezimika, upepo wa bahari unyevunyevu, na yeye aliona haya kumwomba mzee mkubwa awashe moto upya kwa ajili ya simu yake. Ngozi ilishalegea. Kisha akaniambia jambo lililonigusa: amekaa wiki nzima anapandisha na kushusha sauti za ngoma ile kwenye programu, anaongeza za juu, anakata za katikati, anajiona hajui kumiksi. Alijua kuna tatizo. Sikio lake ni zima. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba tatizo liko kwenye ngozi ya mnyama, halimo kwenye kompyuta.

La pili ni neno "barabara". Kiitikio kinasema, "Barabara, nirudishie mama." Pigo zito la ngoma ameliangusha kwenye silabi ya pili, ra, na hapo ndipo ameivuta nota. Sasa sisi tunaosema Kiswahili tukisikia uzito kwenye ra ya kwanza tunasikia lile neno la kukubali, kitu kimekaa vizuri, barábara. Njia ya magari uzito wake uko kwenye ba ya pili. Kwa hiyo kwenye bajaji jirani yangu alidhani kijana anafurahia jambo. Nilimwimbia simuni namna mbili, polepole. Akacheka, akajaribu, akaanza kiitikio nusu pigo mapema ili nota ndefu iangukie ba. Akairudia bila kuambiwa. Papo hapo barabara ikawa barabara.

La tatu nilitaka kumwambia apunguze mwangwi kwenye sauti yake, umezidi ubeti wa kwanza. Nashukuru niliuliza kwanza. "Hapa ulitaka sauti iweje?" Akasema, "Nilitaka niwe mbali, mjomba. Halafu mama akirudi kwenye ubeti wa mwisho niwe karibu." Hilo lilibadilisha nilichokuwa nacho mdomoni. Nikamwambia, nia hiyo ni nzuri ila mimi kama msikilizaji sijaiona safari, kwa sababu ubeti wa mwisho una mwangwi karibu uleule. Mbali umenifikisha, karibu bado. Tukakubaliana mwanzoni auache ulivyo, mwisho aukaushe kabisa, hata aimbe chini kidogo akiwa amesogelea kinasa sauti. Kama ningetoa ushauri wangu wa kwanza ningemharibia wazo zuri kuliko yote kwenye wimbo huu.

Kabla ya kukata simu nilimwambia habari ya mwaka jana. Nilisema, "Bezi yako ilikuwa sawa. Nilisikiliza kwenye simu, stendi, na sikukwambia. Nilikukosea." Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kama namaanisha ule wimbo wa harusi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Bado ninao ule wa mwanzo, mjomba, sikuufuta."

Nimemwomba anitumie na huo.

Jumamosi tunavuka wote Msangamkuu. Nitamwomba mzee mimi, mtu mzima kwa mtu mzima, atupigie ngoma yote kwa mkupuo mmoja asubuhi ngozi ikiwa bado na joto, na moto uwe unawaka pembeni muda wote. Kijana amesharudi na jibu lake kwa simu: mzee amekubali, ila twende na makuti makavu, maana ya kwake yote yamelowa na mvua ya juzi.