Zawadi ya Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipokaribia kustaafu, sisi tuliosoma kwake shule ya bweni hapa Dodoma tulifungua kundi la WhatsApp tukaanza kuchangishana. Watu wakataja friji, wakataja mbuzi, wakataja godoro la futi sita kwa sita. Mimi nikaandika: tumnunulie kazi zote za Edgar Allan Poe, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha. Kwa muda hakuna aliyejibu, kisha vikaanza kumiminika vidole gumba. Hakuna aliyepita mikononi mwa mzee yule asimjue Poe. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi pamoja na mweka hazina, kwa sharti kwamba fungu la kitabu lisiguse fungu la mbuzi.

Kwa asiyesoma enzi zile, umeme ulikuwa ukikatika ovyo wakati wa prepo, na jenereta ikikosa dizeli tuliambiwa tukalale. Zamu ya Mwalimu ilipoangukia usiku wa namna hiyo, hakuna aliyetoka darasani. Aliwasha chemli, akashusha utambi, akavua miwani, akaanza. Alisimulia kwa Kiswahili, na hapa na pale akatupa sentensi nzima ya Kiingereza ili tuikariri. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unavyojua kugongagonga bati lililolegea, hukuhitaji kuambiwa uogope.

Iliyotukaa kuliko zote ni "Berenice". Egaeus anaishi katika jumba la ukoo wake pamoja na binamu yake Berenice, ambaye pia ni mchumba wake. Binti anaugua, anaanguka kifafa, ananyauka. Siku moja anatabasamu, Egaeus anayaona meno yake, na tangu hapo akilini mwake hakukai kitu kingine. Berenice anafariki, anazikwa. Usiku Egaeus anazinduka maktabani, hajui alikuwa wapi, na mtumishi anaingia akitetemeka kusema kaburi limefukuliwa na aliyezikwa bado anapumua. Mezani kuna kisanduku. Kinaanguka, kinapasuka, na sakafuni vinatawanyika vitu vidogo vyeupe, 32.

Lakini Mwalimu alikuwa na kipande cha katikati. Kabla ya maziko, Egaeus anaingia chumbani kwenye jeneza na kuona kitambaa kilichofunga taya za marehemu kimekatika. Midomo imejikunja kama inayotabasamu, meno yanang'aa gizani, na ndani ya sanda kidole kinaonekana kutikisika. Sisi tuliokulia kwenye misiba ya nyumbani tunajua kitambaa cha taya kinafungwa kwa nini. Darasa zima liliacha kupumua.

Baadaye, kila mtu kwa wakati wake, tulikuja kuisoma hadithi hiyo wenyewe, chuoni au kwenye simu, na kipande kile hatukukiona. Mweka hazina alishikilia kwamba Mwalimu aliitia chumvi. Mimi nilimjua kama mtu asiyethubutu kumwongezea mwandishi neno hata moja, ila ushahidi sikuwa nao. Ubishi huo ulifufuka kila tulipokutana.

Kitabu cha kwanza tulikipata kwenye duka moja mjini, si mbali na Nyerere Square. Kilipendeza kweli: jalada gumu jeusi lenye kunguru wa dhahabu, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, utepe wa kuwekea alama, hadithi na mashairi yote mahali pamoja. Mweka hazina alikipokea kwa mikono miwili.

"Dada, zawadi ndiyo hii. Hata asiyejua kusoma akiiona mezani atajua mwenye nyumba kaheshimiwa."

Nilikipekua nikiwa nimesimama pale kaunta. Jina la mhariri halikuwepo. Hadithi hazikuwa na mwaka. Ya 1835 ilikaa bega kwa bega na ya 1846 kana kwamba ziliandikwa wiki moja, na hakuna mahali palipoeleza maneno hayo yamenakiliwa kutoka wapi. Nikafungua "Berenice". Kipande cha jeneza hakikuwemo.

Kwa mwandishi mwingine pengine ningeliachia. Kwa Poe, hapana. Aliishi kwa kuyauzia magazeti hadithi zake. Hadithi ikishatoka mji mmoja aliichapa tena mji mwingine, na kila mara aliipitia upya. "The Oval Portrait" ilipotoka 1842 iliitwa "Life in Death", na ilianza na msimulizi anayetumia afyuni. Baadaye alikata sehemu hiyo na kubadili jina. "Ligeia" ilitoka 1838 bila lile shairi la funza, ambalo leo kila anayeisoma anadhani lilikuwemo tangu mwanzo. Hata baada ya kitabu chake cha hadithi kuchapwa 1845, alikaa na nakala yake akiisahihisha kwa penseli pembeni. Mtu akikwambia amekuuzia Poe wote bila kukwambia ni Poe wa mwaka gani, hajakwambia kitu.

Nikamwomba mweka hazina tuzunguke kidogo kabla ya kulipa. Karibu na soko la Majengo kulikuwa na mzee wa vitabu vya mtumba, ametandika turubai chini na kulikandamiza kwa matofali kila pembe.

"Mbukwenyi," alitupokea kwa salamu ya Kigogo. Tulipomtajia Poe hakuuliza mara mbili. Alivuta boksi kutoka nyuma ya kiti chake. Alisema vitabu vile viliachwa na mhadhiri wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao.

Zilikuwa juzuu mbili nene za jalada laini, migongo imepauka kwa jua. Mhariri ni Thomas Ollive Mabbott. Hadithi za 1831 hadi 1842 ziko katika juzuu ya kwanza, za 1843 hadi 1849 katika ya pili. Kila hadithi ina utangulizi wake, kisha orodha ya kila mahali ilipochapwa, kila chapa na herufi yake ya utambulisho. Halafu inakuja hadithi yenyewe, na chini ya kurasa, kwa herufi ndogo, maneno ambayo Poe aliyabadili kutoka chapa moja hadi nyingine.

Nilichuchumaa palepale nikaitafuta "Berenice". Nikashusha macho chini ya ukurasa. Yale maandishi madogo yalikuwa yamepanda juu kuliko kawaida, yamebanana, na ndani yake nilimkuta Egaeus anaingia chumbani. Kitambaa cha taya kimekatika. Midomo, meno, kidole ndani ya sanda. Vyote vilichapwa Machi 1835 katika Southern Literary Messenger la Richmond, na ni Poe mwenyewe aliyeviondoa alipoichapa upya New York mwaka 1845. Miaka kumi mapema, Aprili ya 1835, alikuwa amemwandikia Thomas White, mwenye gazeti, akikiri kwamba hadithi hiyo inakaribia kuvuka mpaka wa adabu.

Nilimkabidhi mweka hazina ile juzuu nikamwonyesha mstari kwa kidole. Alisoma, akarudia.

"Kumbe Mwalimu alikuwa nayo hii," alisema. "Miaka yote hii alikuwa nayo."

Hata hivyo aliitazama ile migongo iliyopauka, na hofu yake ilikuwa ya haki kabisa kwa mtu anayeshika pesa za wenzake. "Dada, watu watasema hela imeliwa. Bei karibu ni ileile ya kitabu cha dhahabu, halafu tunapeleka mtumba?"

Basi nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, mrefu kuliko ilivyo adabu. Niliwaeleza kwamba Poe alifariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, na siku mbili baadaye gazeti la Tribune la New York likatoa tanzia iliyosainiwa "Ludwig", ikisema kifo hicho kitawahuzunisha wachache. Ludwig alikuwa Rufus Griswold, mhariri aliyekuwa na chuki naye. Mtu huyohuyo ndiye aliyepewa ridhaa na Maria Clemm, shangazi yake Poe na pia mama mkwe wake, azikusanye kazi za marehemu. Juzuu zilianza kutoka 1850. Griswold akaziongezea wasifu wa kumchafua, na barua za Poe akazipachika maneno ambayo Poe hakuyaandika. Kwa miaka mingi dunia ilimpokea Poe kutoka mkononi mwa mtu aliyemchukia. Nikawaambia pia habari za Mabbott, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kulinganisha chapa kwa chapa. Alifariki 1968, juzuu ya mashairi ikatoka 1969, za hadithi 1978, na kwenye kazi hiyo kuna mkono wa mkewe Maureen na wa Eleanor Kewer. Nilisema, Mwalimu alitufundisha kwamba neno la mwandishi ni amana. Tumpe kitabu kilichotengenezwa na mtu aliyeamini hivyohivyo.

Nikamalizia na kipande cha jeneza. Nilikisoma kwa sauti, pale chini, watu wakipita na viroba vya mahindi.

Mwenyekiti alijibu wa kwanza: "Nunueni vya mzee. Suala la muonekano tutalishughulikia."

Tulilishughulikia Chang'ombe, kwa fundi seremala aliyetutengenezea kisanduku cha mninga chenye mfuniko wa bawaba, juzuu mbili zikaingia bila kucheza. Hapo mweka hazina alitulia, na nadhani alikuwa sahihi: kitu cha heshima kinafaa kibebwe kwa heshima.

Tulikabidhi nyumbani kwa Mwalimu, Kikuyu. Shikamoo zilichukua muda mrefu, maana wengine walikuja na watoto, na kila mtoto alitakiwa aende mbele ashikwe kichwa. Kisanduku kilipowekwa mapajani mwake alikitazama, akakirudisha kwa mwenyekiti. "Fungueni ninyi, wanangu. Visanduku vya Poe mimi navijua."

Hotuba niliyoandaa sikuitoa. Alipoona jina la Mabbott alivaa miwani, akaanza kufungua kurasa mwenyewe, na hakwenda mwanzo wa kitabu. Alipoipata "Berenice" aliteremka hadi chini ya ukurasa, akasoma kipande kile kwa Kiingereza, kisha akakirudia kwa Kiswahili karibu neno kwa neno kama tulivyokisikia kwenye chemli. Mweka hazina akamuuliza alikitoa wapi zamani zile. Akasema alikisoma alipokuwa anasomea ualimu, kwenye kitabu chakavu kilichong'oka kurasa za mbele, na hakuwahi kujua kilikuwa toleo gani. Alimwita mkewe aje aone. Alimsomea naye.

Halafu akachukua juzuu ya pili, akapekua yaliyomo, akapekua tena.

"Na kunguru wangu yuko wapi? 'The Raven'?"

Nikamweleza kwamba mashairi yana juzuu yake peke yake, na mzee wa Majengo hakuwa nayo.

"Basi hamjamaliza kazi," alisema, akaendelea kusoma.

Mweka hazina alikuwa ameshatoa simu. Sahani za pilau hazijakusanywa bado, mchango wa juzuu ya mashairi ulikuwa umefunguliwa, na wa kwanza kutuma alikuwa mwenyekiti.