Wawili wakusanye, watatu wagawe

Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa takriban mwaka 200, inasema mfuko wa maskini ukusanywe na watu wawili na ugawanywe na watatu. Talmud, mkusanyo mkubwa wa baadaye unaoijadili Mishna, inaongeza masharti ambayo mweka hazina yeyote angeyabandika ukutani. Wakusanyaji wasiachane wakiwa sokoni. Mmoja akiokota sarafu njiani, asiitie mfukoni mwake. Aitie kwenye mfuko wa maskini, kisha aitoe humo na kuichukua akifika nyumbani. Pesa zikikosa wa kupewa na sarafu zikahitaji kubadilishwa, wabadilishe na watu wengine, si wao wenyewe.

Kila nikifikiria bodi za mashirika ya Kiyahudi ya kutetea haki hapa London, narudi kwenye kanuni hizo. Hazikuwekwa kwa sababu wakusanyaji walikuwa wezi. Talmud hiyohiyo inasema wakusanyaji wa sadaka hawadaiwi hesabu. Katika karne ya 16, Rabi Moses Isserles wa Kraków aliandika kwamba hata hivyo ni vyema wakaitoa. Mtu anaaminiwa, na hesabu inatolewa vilevile. Bodi ikilishika hilo, nusu ya matatizo yake haitazaliwa.

Wadhamini, yaani wajumbe wa bodi, katika mashirika haya hawalipwi. Hurudishiwa nauli na gharama za lazima, basi. Lakini kisheria wao si wasaidizi wa mkurugenzi. Wao ndio wenye dhamana ya shirika zima, na mambo yakiharibika wanaulizwa wao. Wanaoalikwa kuingia kwenye bodi hawaelezwi hivyo mara nyingi. Huambiwa, "Tunakutana mara sita tu kwa mwaka."

Isitoshe, mtu huvutwa na jambo lenyewe, si na daftari. René Cassin, shirika lililopewa jina la mwanasheria Myahudi wa Ufaransa aliyeshiriki kuandika Tamko la Haki za Binadamu la 1948, linataka sheria iweke ukomo wa muda wa kumshikilia mhamiaji kizuizini. HIAS, lililoanza kwa kuwapokea Wayahudi waliokimbilia Marekani, limewahudumia wakimbizi wa Kongo na Somalia jijini Nairobi. Anayejiunga na bodi ya namna hiyo anatamani kuzungumzia wanaoshikiliwa kizuizini na wakimbizi. Taarifa ya mapato na matumizi anaivumilia tu.

Kwa hiyo ajenda lazima ilindwe. Kwa kikao cha saa mbili, mgawo huu unafaa: kumbukumbu na yatokanayo dakika 10, mgongano wa maslahi 5, fedha 30, hatari na ulinzi wa watoto na watu walio hatarini 15, taarifa ya mkurugenzi 20, uamuzi mmoja mkubwa 30, mengineyo 10. Fedha ikiwekwa mwishoni, itafikiwa wakati watu wanavaa makoti. Makabrasha yatumwe siku saba kabla. Taarifa inayogawiwa mezani hakuna aliyeisoma, na bodi itaipitisha kwa sababu tu inampenda aliyeiandika.

Kosa la fedha linalojirudia ni la akiba. Tuseme shirika lina pauni 310,000 benki na linatumia 50,000 kwa mwezi. Mtu atasema tuna miezi sita, tulale. Lakini 120,000 ni ruzuku iliyotolewa kwa mradi mmoja tu, na 40,000 bodi yenyewe ilishazitenga kwa kuhamia ofisi nyingine. Zinabaki 150,000, yaani miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo mitatu kuna notisi za wafanyakazi na mkataba wa pango. Mweka hazina aoneshe tarakimu hizo tatu kila kikao, kwenye ukurasa mmoja: jumla, zilizofungwa na masharti, zilizo huru. Kulipia mishahara kwa fedha za mradi "kwa muda tu, mpaka ruzuku nyingine iingie" ni kuvunja amana, hata kama zitarudishwa. Na malipo benki yaidhinishwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Katika jumuiya ndogo ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, sharti hili la mwisho si mzaha.

Jambo la pili linalovunja bodi ni matamko. Sheria ya Uingereza inaruhusu shirika la hisani kufanya kampeni ili kutimiza malengo yake, ila haliruhusiwi kuunga mkono chama cha siasa. Tena kuna sheria ya 2014 inayodhibiti matumizi ya kampeni katika miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Hayo yanasomeka. Kisichosomeka popote ni la kufanya vita vya Israeli na Gaza vinapopamba moto, na meza ileile ina anayeona kunyamaza ni usaliti na anayeona kusema ndio usaliti.

Utaratibu uandikwe wakati wa utulivu. Mimi napendelea huu: rasimu ipitiwe na mwenyekiti, mkurugenzi na mdhamini mmoja ndani ya saa 24; mmoja wao akipinga, bodi nzima iitwe kwa simu. Maswali yawe matatu. Je, jambo limo ndani ya malengo yaliyoandikwa kwenye katiba yetu? Tunalijua kwa kazi tunayoifanya, au kwa kusoma habari kama kila mtu? Litawafaa tunaowahudumia? Mwenyekiti asiandike rasimu mwenyewe. Akiiandika, hakuna atakayeipinga waziwazi, na barua za kujiuzulu zitafika baada ya wiki mbili.

Kalenda nayo ina mitego yake. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo Ijumaa ya baridi ni nusu siku kwa anayeshika Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama. Vikao huwekwa Jumapili au jioni za Jumatatu hadi Alhamisi. Kuanzia Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, sikukuu hufuatana kwa zaidi ya wiki tatu, Septemba na Oktoba, na mwaka wa fedha unaofungwa 31 Machi huangukia karibu na Pasaka ya Kiyahudi. Hesabu zinatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 10, yaani kabla Januari haijaisha. Mkaguzi apewe vitabu Juni. Akisubiri vuli, maswali yake hayatajibiwa hadi Novemba. Chakula cha kikao kiwe matunda mazima na vilivyofungwa vyenye muhuri wa kosha, yaani vinavyoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi ya chakula. Kukosa nyama pekee hakutoshi.

Kuhusu muhula wa mdhamini, miaka mitatu mara mbili ni sita, na inatosha. Wanaotoka wasitoke pamoja. Theluthi moja ya bodi kila mwaka wa uchaguzi ni kiasi kizuri. Mweka hazina mpya aketi na wa zamani kwa kufunga mwaka mmoja wa hesabu kabla ya kuachiwa peke yake. Fomu za kubadilisha waweka saini zipelekwe benki miezi miwili kabla ya mkutano mkuu, maana benki ikichelewa, mtu aliyeshaondoka ndiye anayebaki akiidhinisha mishahara.