Kwa Sasa

Jumapili jioni, Tukuyu. Mvua haijakatika tangu saa nane mchana, umeme nao umeondoka, na ninaandika haya kwa mwanga wa simu ambayo chaji yake imebaki kidogo.

Jana msibani, mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, bado hujapata kazi?" Kucha zangu zilikuwa na udongo wa kitaluni ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Bado, mama. Kwa sasa najishughulisha na miche ya parachichi." Usiku nililala nikijiuliza ni lini hasa nilianza kutumia maneno hayo mawili, "kwa sasa".

Nilihitimu Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2022, shahada ya ualimu, masomo ya Biolojia na Jiografia. Niliporudi nilipanga chumba, nikanunua godoro bila kitanda, kwa hoja kwamba kitanda kingenisumbua siku ya kwenda kuripoti kituo cha kazi. Godoro hilo bado liko sakafuni, na aliyewahi kulala sakafuni hapa Rungwe mwezi wa Julai hahitaji kusimuliwa baridi yake.

Kitaluni niliingia kwa kumsaidia mjomba kujaza udongo kwenye viriba. Baadaye akanifundisha kubebesha: unakata mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, unaupasua katikati, unachonga kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti wa Hass, aina ya parachichi, kama kabari, unakichomeka humo, unafunga kwa utepe wa nailoni na kukifunika kwa kifuko ili kisikauke. Siri yote iko kwenye kambiamu, ule utando mwembamba chini ya gome, ambao wa kikonyo usipogusana na wa shina, kikonyo hufa. Kambiamu niliichora kwenye mitihani mara nyingi na nikapata alama, lakini sikuwahi kuiona mpaka mjomba, aliyeishia darasa la saba na asiyejua jina la utando huo, aliponikwangulia gome kwa kisu na kunionyesha kile kijani chenye utelezi. Katika miche yangu 100 ya kwanza ilishika 31.

Januari 2025 nilikwenda Mbeya kwenye usaili wa walimu. Katika foleni nilikutana na wenzangu wa chuo: mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza mitumba sokoni Mwanjelwa, na wote tulikuwa tumevaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Sikupita. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba jua lilipochomoza ghafla saa tano, akili yangu ilitoka kwenye karatasi ikaenda kwenye vikonyo vilivyofunikwa nailoni nyumbani, ambavyo vingeungua kama mjomba angesahau kuvitilia kivuli.

Sisemi kwamba kujiajiri ni bora. Wanaotuhubiria "jiajirini" aghalabu ni watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Miche hununuliwa mvua zinapoanza. Kiangazi ninaweza kukaa wiki tatu bila kumwona mteja. Tena kuna deni la Bodi ya Mikopo iliyonisomesha chuo: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kabla hajaishika fedha, ilhali mimi natakiwa kutenga marejesho kwa mkono wangu, na miezi ambayo mkono haukutenga ipo. Lakini naamka saa kumi na mbili kila siku, nina wateja wanaonipigia simu kwa jina, na bado nimewaambia watu kwa zaidi ya miaka miwili kwamba sina kazi.

Leo baada ya ibada nilipita kwa seremala, nikamlipa nusu ya bei ya kitanda cha futi tano kwa sita. Akauliza kama apigilie misumari moja kwa moja, au aweke nati ili kiweze kufunguliwa siku ya kuhama. Nilisimama pale kwenye vumbi la mbao kwa muda, hata akaendelea kupiga randa. Nikamwambia aweke nati.