Alama ya Maji kwenye Ukuta wa Jikoni

Kaka alikuja Luzira, kitongoji cha Kampala kando ya Ziwa Viktoria, siku ya Ijumaa akiwa na ndoo ya chokaa, kwa kuwa mnunuzi alitarajiwa Jumamosi asubuhi. Hakueleza ameileta ya nini, wala hapakuwa na haja ya kueleza, maana katika nyumba yote ya mama hakuna ukuta unaotaka chokaa kuliko ule wa nyuma wa jikoni, ambao tangu Mei ya mwaka 2020 umebeba mstari wa rangi ya udongo, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Chini ya mstari huo lipu imebabuka na kutoa chumvi. Juu yake ukuta ni mzima. Ziwa ndilo lililouchora.

Nyumba iko upande wa Port Bell, karibu na gati. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za shirika la reli, mtu wa Mombasa, aliyefika hapa mara ya kwanza mwaka 1962, enzi ambapo meli ya Victoria ilikuwa ingali mpya na ikilizunguka ziwa kutoka Kisumu kwenda Musoma, Mwanza, Bukoba na kwetu. Mama ni mzaliwa wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala. Walikutana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili, na Kiganda tukakiokota barabarani pamoja na watoto wenzetu. Kwa kuwa baba hakuwa raia wa Uganda, kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwenye hati, kilinunuliwa mwaka 1981 kwa jina la mama, na tangu hapo ni yeye aliyelipa busuulu, kodi anayotozwa mwenye kibanja, na kutunza kila stakabadhi ndani ya mkebe wa biskuti.

Jamaa zetu wa Mombasa hawaelewi kabisa inawezekanaje mtu auze nyumba iliyo juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, nami nimewaeleza mara nyingi. Sehemu kubwa ya Buganda ni ardhi ya mailo, ambayo chanzo chake ni Mkataba wa 1900, Waingereza walipoigawa nchi kwa maili za mraba na kuwapa Kabaka, mfalme wa Buganda, jamaa zake na machifu, hali watu waliokuwa wakilima mashamba yale walikuwa wamekwisha kuwamo. Basi kipande kimoja kikawa na wenyewe wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi hapo na kulipa busuulu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja aliyekuwa amekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kutumika, na mama, kwa kuingia mwaka 1981, yumo ndani ya hesabu hiyo. Hata hivyo, akitaka kuuza, sharti ampe mwenye hati nafasi ya kwanza ya kununua, na ikiwa hataki, amwombe ridhaa.

Kwetu ridhaa hiyo ilichukua miezi mitatu, kwa kuwa mwenye hati wa awali alikwisha fariki na warithi wake wametawanyika. Sitaeleza safari zote. Jambo lililomgusa mama ni kwamba malipo anayotoa mnunuzi ili atambulishwe kwa mwenye ardhi bado yanaitwa kanzu, ingawa siku hizi ni fedha taslimu na hakuna anayekumbuka nguo. Yeye mwaka 1981 alipeleka kanzu ya kweli, iliyoshonwa na fundi wa Bombo, akaipokeza kwa magoti. Aliniambia hayo mara mbili katika wiki moja, na nikaelewa kwamba kuiacha nyumba kunamwuma zaidi kuliko anavyokubali kusema.

Kuhusu maji, baba alituonya mapema kuliko ofisi yoyote. Siku alipoletwa kukiona kibanja alisimama, akatazama ziwa, akasema kwamba mwaka 1964 aliona maji yamesimama mahali pale pale, na kwamba wenyeji walikuwa wakipita kwa mitumbwi penye njia ya miguu. Hakuwa akikosea, kwani mwaka huo, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, ziwa lilifika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Alinunua kwa sababu bei ilikuwa nafuu na gati lilikuwa karibu, lakini alimlazimisha fundi kuuinua msingi kwa ngazi tatu, jambo ambalo majirani waliliona kuwa ni matumizi mabaya ya saruji. Jiko tu, lililojengwa peke yake uani miaka kadhaa baadaye, lilibaki na sakafu ya chini.

Ziwa Viktoria hujazwa zaidi na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile pale Jinja. Mvua za mwishoni mwa 2019 ziliendelea hadi mwaka uliofuata, na katika Aprili kisiwa cha matete kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye bwawa la Nalubaale, umeme ukazimika nchi nzima. Tulikuwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Nakumbuka giza la usiku ule, na sauti za vyura ambazo zilikuwa karibu zaidi kuliko zilivyowahi kuwa. Mei maji yakaifikia alama ya 1964. Uani kwetu yalipanda taratibu, bila mawimbi wala kelele, yakafunika ngazi ya kwanza, kisha ya pili, yakatulia. Sebule na vyumba vya kulala havikuingia hata tone. Jiko lilijaa hadi juu ya mafiga, na choo cha shimo kikaporomoka, nasi tukalazimika kuchimba kingine upande wa juu maji yalipokwisha kupungua. Baba alikuwa amekwisha kufa wakati huo, na mama aliketi kwenye ngazi ya tatu akimtaja kwa dua.

Narudi kwa Ijumaa. Kaka si mtu mbaya. Yeye ndiye anayelipia dawa za mama za shinikizo la damu, na yeye ndiye aliyetafuta nyumba ndogo Bombo, jirani na mama mdogo, ambako mama atakuwa na mtu wa kumwitikia usiku. Kila shilingi ya mauzo haya ina kazi yake. Mnunuzi alikuwa ametaja milioni 95 kwa simu, na kaka alihesabu kwamba mstari ule ungetugharimu milioni 10 au zaidi. Nakiri kwamba sikubishana naye. Nilichota maji, nikaikoroga chokaa kwa mkono wangu, huku nikijiambia kwamba kila anayeuza nyumba huipaka rangi kwanza.

Mama alitoka baada ya swala ya alasiri, akaiona ndoo, akasimama.

“Baba, ukuta huo usiuguse,” alimwambia kaka. “Huyu bwana amesema mkewe ni mjamzito. Mwaka maji yatakaporudi, mtoto atakuwa analala wapi?”

Kaka akajibu kwamba maji yale huja mara moja katika maisha ya mtu. Mama akamwambia kwamba yeye mwenyewe yupo hai na yamekwisha kuja mara mbili. Hakuongeza neno. Alivuta mkeka, akaketi karibu na ukuta ule, akaanza kuchambua mchele, na sisi wawili, watu wazima wenye watoto wetu, tukaibeba ndoo na kuirudisha nje.

Wanunuzi walikuja saa tatu asubuhi, mwalimu wa sekondari na mkewe. Mama hakungoja waulize. Aliwapeleka moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja juu ya mstari, kisha akawarudisha mbele na kuwahesabia ngazi: hii ilizama, na hii pia, hii hapana. Mimi nikawaeleza kwamba kanuni za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kandokando ya ziwa hili, kwamba kwa hatua zangu nyumba imo ndani ya ukanda huo, na kwamba atakayetaka kupanua au kujenga kingine sharti aanzie NEMA, mamlaka ya mazingira, kuomba kibali. Mwalimu aliandika yote katika daftari dogo. Mkewe alibaki ameketi kwenye ngazi ya tatu kwa muda mrefu, akilitazama ziwa, na alipoinuka alimwuliza mama kama jiko linaweza kuhamishiwa upande wa juu, penye choo kipya. Nilijua hapo kwamba watanunua.

Walirudi baada ya wiki mbili na milioni 82. Kaka alinyamaza, mama akakubali. Mwalimu aliomba watoto wote wa mama tutie sahihi, ingawa kibanja ni chake peke yake, na nadhani alifanya vyema, kwa kuwa mtaani kwetu ugomvi mwingi huanzishwa na mtoto anayetokea miaka mitano baadaye akidai hakushirikishwa.

Mkataba ulisomwa jana sebuleni, mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na mwakilishi wa warithi wa ardhi. Uliandikwa kwa Kiingereza, na mama hakijui, hivyo karani wa wakili aliusoma kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, kwa uvumilivu ambao ninamshukuru. Nchi hii imekitaja Kiswahili katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona watu wazima wakimngoja mama aelewe jambo la kisheria kwa lugha anayoiotea ndoto. Alipofika mwisho, mama aliuliza maji yameandikwa wapi. Karani alisema kwamba katika mikataba ya namna hii maji hayaandikwi, na kwamba mnunuzi ameona mwenyewe. Mama akasema mnunuzi ameona, lakini watakaonunua kutoka kwake hawajaona. Mwalimu akamwomba karani aongeze.

Kikaongezwa kifungu kwa kalamu, kwamba mnamo Mei 2020 maji ya ziwa yalifika ngazi ya pili ya nyumba na kuliingia jiko. Mama aliomba asomewe tena, polepole. Kisha akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Bombo alipokuwa mtoto, akampokeza kaka kalamu, na kaka akatia yake chini, penye nafasi ya shahidi wa kwanza.