Chumba cha mrehani: mashine ya kunyonya unyevu niliyoichagua kwa kitufe, si kwa lita

Hatimaye grafu ya usiku imenyooka. Kuanzia taa zinapozima hadi alfajiri, unyevu wa chumbani unacheza kati ya asilimia 62 na 68, na hii ni Dar, masika yamekolea, nguo zinashinda kambani na kurudi ndani mbichi kama zilivyotoka. Machi karibu yote nilikuwa nakuta 90 asubuhi. Naandika kwa sababu kila ushauri wa kuchagua mashine ya kunyonya unyevu unaanza na lita za maji inazotoa kwa siku, na kwangu lita ndizo zilizosaidia kidogo kuliko vyote.

Chumba ni kile cha uani, mita 3 kwa 3, dari mita 2.7. Rafu za chuma, mrehani wa aina ya Genovese juu, saladi chini, maji ya mbolea ya kuzunguka badala ya udongo, taa za LED saa 16 kwa siku. Saladi haikuwa tatizo kubwa, zaidi ya zile ncha za majani machanga kuungua kahawia, kwa kuwa hewa ikishiba maji jani halivuti, na lisipovuta kalsiamu haifiki nchani. Aliyekuwa anakufa ni mrehani.

Anayelima mrehani ndani anaujua ubwiri vinyoya. Jani linapauka na kuwa njano, lakini unjano unaishia kwenye mishipa, kama vipande vilivyokatwa kwa rula. Unadhani ni njaa ya naitrojeni, unaongeza mbolea. Siku ukiligeuza unakuta upande wa chini umejaa vumbi la kijivu linaloelekea zambarau, ukilipuliza linaruka. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza jirani hapa, Uganda, mwaka 1933, ukakaa kimya miaka mingi, ukaibuka Uswisi 2001, Italia 2003 na Florida 2007. Kivumbasi changu kilichopandwa nje ya ukuta huohuo hakina neno, kinachekelea tu.

Kinachonihusu mimi ni namna ubwiri unavyozaa mbegu zake: unataka giza la saa kadhaa mfululizo na unyevu wa asilimia 85 kwenda juu. Mchana wa taa hauhesabiki sana. Ukiweza kuzuia unyevu usipande saa za giza umeshinda, na mashine yoyote inayolala gizani haina kazi kwako, hata iandikwe lita mia.

Hesabu ya lita nayo niimalize haraka. Karibu maji yote unayoongeza kwenye tangi yanatoka kupitia majani na kuingia hewani; yanayobaki ndani ya mmea ni kidogo mno. Mimi naongeza kama lita 6 kwa siku, basi lita 6 lazima zitoke. Watu wanahangaika na ujazo wa chumba, wakati hewa yote ya chumba changu, kwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, imebeba maji ya nusu lita na kidogo. Hiyo mashine inaimaliza kabla chai haijapoa. Kinachochosha mashine ni mmea na matundu. Hewa ya chumba ikibadilishwa na ya nje mara moja tu kwa saa, kwa hali ya hewa ya hapa unaingiza karibu gramu 165 kila saa, ambazo ni lita 4 kwa siku za kukausha mtaa wetu mzima wa Tabata. Dirisha langu lilikuwa la vioo vya kupangana, vile vya kufungua kwa mkono wa chuma, na havijawahi kufunga sawasawa tangu nyumba ijengwe. Nikapiga plastiki nzito juu yake, silikoni pembeni, sponji kwenye fremu ya mlango na ufagio wa mpira chini. Gharama yake haifiki hata chakula cha mchana cha watu watatu, na ilifanya kazi kuliko kupanda daraja la mashine.

Kwenye boksi, “lita 20 kwa siku” imepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, yaani kwenye hali ileile unayoikimbia. Ukishuka hadi asilimia 60 tegemea nusu yake. Marekani tangu 2019 wanapimia nyuzi 18.3 na asilimia 60, ndiyo maana mashine zilizokuwa zinaitwa za painti 70 (painti yao ni kama nusu lita) ziliamka zikiitwa za painti 50 bila kubadilishwa hata nati. Kwa hiyo ya lita 20 kwangu ni ya lita 10 hivi, na baada ya kuziba matundu ilitosha.

Ilitosha kwenye karatasi. Usiku ikawa hainitoshi, na hapo ndipo nilipopotezea usingizi.

Kwanza kuna kitu ambacho hakihitaji hata tone la ziada. Hewa ya nyuzi 28 yenye asilimia 60 ina gramu 16.3 za maji kwa mita ya ujazo. Zima taa, joto lishuke hadi 25, na gramu zilezile zinasomeka asilimia 71. Ongeza mmea ambao bado unapumua kidogo, udongo wa miche na tangi lililo wazi, unafika 75. Sawa, hilo nalielewa, na mashine inapaswa kulimudu. Lakini 91 ya asubuhi?

Kiyoyozi nilikitoa kwenye mashaka mapema. Kinakausha hewa kikiwa kinapoza. Taa zikizima hakuna joto la kukifanya kipoze, kompresa inalala, feni yake inaendelea kuzunguka na kurudisha chumbani maji yaliyokuwa yamelowesha koili. Unaona kwenye grafu: mstari unapanda mara tu kompresa inaponyamaza. Ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ya kukausha hewa, nayo inakupa chumba cha nyuzi 22 ambacho mrehani haukipendi. Nimekiachia kazi ya mchana.

Kisha vipimo. Kile kidude cheupe cha elfu kumi na kitu kilikuwa kinaniambia 68 wakati hali ilikuwa mbaya zaidi. Jaribio la chumvi linajulikana: chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, matone ya maji hadi iwe uji mzito, weka pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachobana, acha usiku kucha. Mle ndani hewa inatulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 68 kwa utulivu kabisa, hata aibu hakina. DHT11, kipimo kingine cha unyevu, nayo siitaki tena ndani ya nyumba yangu. Karatasi yake ya maelezo yenyewe inakiri kukosea kwa asilimia 5, na kwenye unyevu wa huku pwani hizo 5 ndizo tofauti kati ya jani na vumbi. SHT31, kipimo bora zaidi, ni ghali kidogo, inunue. Na iweke katikati ya majani, siyo ukutani kwenye urefu wa macho yako, kwa sababu wewe huugui ubwiri.

SHT31 kwenye ESP32 (kompyuta ndogo ya kuhifadhi vipimo), kusoma kila dakika. Hapo ndipo kitu kikajitokeza. Usiku mmoja mstari ulikuwa unakwenda vizuri kwenye 66, ikafika saa saba na dakika arobaini, mstari ukakatika. Pengo la dakika 12. Ukaanza tena, ukapanda, ukapanda, hadi 91 asubuhi.

Umeme. Ulikatika, ukarudi. Taa zilikuwa zimezimwa na taima, watu wamelala, hakuna aliyejua. ESP32 iliwaka yenyewe, pampu iliwaka yenyewe, feni ziliwaka zenyewe. Mashine ya unyevu, yenye kioo cha kugusa, rangi saba na programu ya simu, ilikaa pale na kataa kekundu ka kusubiri ikingoja mtu aje kuigusa. Nikarudi kwenye grafu za nyuma: kila usiku mbaya una pengo lake, mengine ya sekunde tu, umeme ulipepesa mara moja basi. Mashine yenye nguvu za kutosha kabisa ilikuwa inalala usingizi wa pono tangu saa nane usiku, na mimi natafuta nyingine ya lita 30!

Nilijaribu kuidanganya. Plagi janja haisaidii, kwa kuwa inarudisha umeme tu na mashine inabaki kusubiri. Fundi alisema tunaweza kufungua na kuunga kitufe kwa rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), nikaona tunafungua mashine yenye gesi ya R290, inayowaka moto, kwa ajili ya tatizo ambalo mtengenezaji angelimaliza kwa mstari mmoja wa programu. Hapana.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza nikakibadilisha: dukani chomeka, washa, chomoa plagi, chomeka tena. Isipoendelea yenyewe, rudisha kwenye boksi lake. Muuzaji mmoja alinikatalia jaribio hilo, nikamwachia mashine yake.

Niliyoichukua ni mtumba wa Uingereza, sura mbaya, imepauka, ina kitufe kimoja cha kuzungusha kinacholia “klak” ukifika kwenye unyevu uliopo, na umeme ukirudi kiko palepale ulipokiacha, mashine inaendelea. Volti 230, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), haina haja ya kubadilishiwa chochote. Kuna za Kimarekani za bei ya kutupa, ila ni za volti 110 na hezi 60. Transfoma inatibu volti, haitibu hezi, na kompresa inazunguka taratibu na kuchemka. Zile za kukaushia kwa hita na zeolaiti, yaani madini yanayofyonza unyevu, ambazo Waingereza wanazisifu sana, ni za gereji zenye baridi. Hapa zinakugeuzia chumba kuwa tanuri. Na vile vidogo vya mezani visivyo na kompresa visikudanganye kwa ukimya wake: mililita 300 kwa siku kwa karibu uniti nzima ya umeme, wakati ya kompresa inatoa kama lita moja kwa uniti hiyohiyo.

Kitufe cha kuzungusha kina hatari yake. Umeme ukipepesa, kompresa inataka kuwaka papohapo dhidi ya mgandamizo ambao haujashuka, na hivyo ndivyo kompresa zinavyokufa. Dawa iko kila duka la umeme: friji-gadi, ileile ya kulindia friji. Inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na volti ikishuka sana inakata. Sasa mapengo ya umeme bado yapo kwenye grafu, lakini baada ya kila pengo mstari unapanda kidogo, unafikiri, unashuka.

Gharama: wati 350, ikikimbia bila kupumzika ni uniti 8.4, karibu shilingi 3,000 kwa siku kwa bei yetu ya T1, ile ya TANESCO kwa wateja wa kawaida. Haikimbii muda wote. Ile ya rangi saba mke wangu ameipokea kwa mikono miwili, inakausha nguo chumbani, na yeye yupo karibu wa kuigusa.

Maji yanayotoka sikuyategemea. Kisima chetu kina chumvi, EC, kipimo cha chumvi kwenye maji, inaanzia juu kabla hata sijatia mbolea. Maji ya mashine yanasoma karibu sifuri. Nayapitisha kwenye kitambaa, nachanganya na ya kisima, na kwa mara ya kwanza napanga mbolea bila kugombana na sodiamu. Nilikuwa nimeanza kupiga bei ya mtambo wa kuchuja maji, nimeacha.

Mpango ulikuwa kuongeza mashine ya pili ndogo kwa ajili ya saa za giza. Umesimama, kwa sababu nimepata wazo lingine: kwa nini giza liwe usiku? Chumba hakina dirisha tena. Ndiyo kwanza nimegeuza taima, taa zinawaka saa moja jioni hadi saa tano asubuhi, na giza linaangukia mchana, wakati kuta zimepata jua na joto la chumba haliporomoki. Joto lisiposhuka, zile gramu 16.3 zinabaki kusomeka karibu asilimia 60. Taa nazo zinachemka usiku kukiwa na baridi kidogo, hivyo kiyoyozi kinapumua. Grafu za mwanzo zinapendeza. Kilichobaki ni mwanga unaopenya chini ya mlango saa nane mchana, ufagio wa mpira hauuzuii wote, na kumpata mtu wa kuvuna nisipokuwepo ambaye hatawasha taa ya dari.