Nilivyookoa diski iliyokataa faili mpya ilhali ina nafasi

Seva ninayoisimamia kazini ilianza kukataa kuhifadhi faili, ikidai kwamba diski imejaa, ilhali amri ya df -h ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya gigabaiti zake 20 zilikuwa tupu. Jibu lilipatikana kwa df -i: ainodi, yaani rekodi za maelezo ambazo kila faili huhitaji moja, zilikuwa zimetumika kwa asilimia 100.

Katika ext4, mfumo wa faili ulio kwenye seva nyingi za Linux, jina la faili halikai pamoja na taarifa zake. Folda hutunza majina, na kila jina huambatanishwa na namba ya ainodi, yaani rekodi ya baiti 256 inayoeleza mmiliki wa faili, ruhusa, ukubwa, saa ya kubadilishwa, na mahali data ilipo kwenye diski. Anayetaka kujionea aandike ls -id / na atapata 2, namba ambayo ext4 huitengea folda kuu. Ndiyo maana kubadili jina la video kubwa humalizika papo hapo, kwa kuwa kinachoguswa ni folda tu na wala si data yenyewe.

Tatizo ni kwamba idadi ya ainodi hupangwa wakati diski inapofomatiwa. Kwa kawaida hutengwa moja kwa kila baiti 16,384, hivyo diski ya gigabaiti 20 hupata takriban 1,310,000. Faili yenye herufi chache tu huchukua ainodi nzima pamoja na bloku, yaani kipande cha nafasi ya diski, ya baiti 4,096. Kwa hesabu hiyo, diski iliyosheheni faili ndogo pekee huishiwa ainodi ikiwa imetumia robo tu ya bloku zake.

Nilimtafuta mlaji wa ainodi kwa du --inodes -xS / nikipanga matokeo kwa idadi, na folda moja ikajitokeza waziwazi: ilikuwa ya faili za vipindi vya tovuti (session), yaani kumbukumbu za ziara za wageni, ambamo kila mgeni aliacha faili yake na hakuna kilichozifuta. Amri ya kufuta, rm, yenye alama ya nyota ilikataa, kwa sababu sheli, programu inayopokea amri, huyapanua majina yote kuwa mstari mmoja unaozidi kikomo cha mfumo. Nilitumia find pamoja na -delete, nikichagua faili za zaidi ya siku moja tu ili walioingia kwenye tovuti wasitolewe, na ainodi zikaanza kurudi.

Hata hivyo folda yenyewe ilibaki na makumi ya megabaiti, kwani ext4 haipunguzi ukubwa wa folda baada ya majina kuondolewa. Nilisimamisha programu kwa muda mfupi, nikaunda folda mpya yenye mmiliki na ruhusa zilezile, nikahamishia faili zilizosalia, kisha nikaiondoa ile ya zamani.

Nilifikiria kufomati upya kwa ainodi moja kwa kila baiti 4,096, lakini jedwali la ainodi lingekula zaidi ya gigabaiti moja, gharama isiyo na maana kwa takataka zinazoweza kufagiliwa kila usiku na cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba. Kwa seva ya barua pepe, ambako faili ndogo ndiyo kazi yenyewe, ningechagua XFS, mfumo mwingine wa faili, unaounda ainodi kadiri zinavyohitajika.