Nilivyoandika historia ya kampuni yetu ya filamu

Barua pepe ya msambazaji ilikuwa na mistari sita. Alitaka kununua haki za kuonyesha filamu zetu zote mtandaoni, tatu ndefu na kumi na moja fupi, na kabla ya kuzungumza bei aliomba vitu viwili: historia ya kampuni isiyozidi kurasa mbili, na hati zinazoonyesha kila filamu ni mali ya nani. Nikawaambia wenzangu, "Hiyo kazi ya jioni moja, niachieni mimi." Ilinila miezi mitano.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa nilikuwapo tangu siku ya kwanza, basi historia ninayo kichwani. Nikakaa, nikaandika. Zikatoka kurasa mbili tamu kabisa: marafiki wanne, kamera moja tuliyoichangia, filamu ya kwanza iliyopigwa usiku kwa sababu mchana kila mtu ana ajira yake, zawadi ya tamasha, kisha filamu ya pili, kisha ya tatu. Nikawatumia wenzangu waipitie. Mtayarishaji wetu akajibu kwamba kampuni ilianza mwaka mmoja kabla ya huo nilioutaja. Mpiga picha akasema hapana, ni mwaka mmoja baadaye, maana kabla ya hapo yeye alikuwa hajanunua ile lenzi yake. Wa tatu hakugusa habari ya tarehe. Aliuliza tu, "Na yule mhariri wa kwanza umemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Swali likaniudhi, nikaliacha bila kulijibu.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza vichwa, nikaanza kuuliza vitu. Kwenye kabati la ofisi, juu kabisa, kulikuwa na cheti cha usajili ndani ya plastiki, nacho ndicho kilichonistua kwanza. Tarehe yake ni miezi saba baada ya kumaliza kupiga picha za filamu yetu ya kwanza. Yaani wakati tunapiga, kampuni haikuwapo. Ile filamu tunayoiita mtoto wetu wa kwanza ilizaliwa kabla ya wazazi kuoana, na hapakuwa na karatasi hata moja inayosema kwamba baadaye tuliikabidhi kwa kampuni. Kwa macho ya mwanasheria wa msambazaji, tulikuwa tunauza kitu ambacho hatuwezi kuthibitisha kuwa ni chetu.

Chini ya cheti kulikuwa na hadidiski nne. Moja ilikataa kufunguka, ikawa inagonga tu ndani kama mtu aliyefungiwa mlango. Tatu zilizobaki zikafunguka, nikafurahi: faili za picha zina tarehe zake, sasa ubishi umekwisha. Haukuisha. Kamera yetu ya mwanzo ilikuwa na betri ndogo ya ndani iliyokwisha kufa, kwa hiyo kila ikizimwa, saa yake inarudi mwanzo. Filamu nzima, kwa mujibu wa faili, ilipigwa usiku wa tarehe 1 Januari.

Kilichoniokoa ni kibao. Kile tunachogonga mbele ya kamera kabla ya kila mara ya kurekodi, ili sauti na picha ziweze kuoanishwa. Cha kwetu tulikitengeneza wenyewe kwa vipande viwili vya mbao na bawaba ya mlango wa kabati. Nikafungua faili ya kwanza kabisa, nikaisimamisha kibao kilipokuwa katikati ya picha. Mkono umekishika, mkanda wa saa umekatika na kufungwa kwa uzi, na kwenye ubao wino mzito unasomeka: onyesho la 1, mara ya 1, tarehe 13 Machi, na mwaka ambao hakuna kati yetu aliyeutaja. Nilikaa nikiitazama picha hiyo iliyosimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaandika juu ya ukurasa wangu mpya: tulianza tarehe 13 Machi. Mtayarishaji alikuwa amekosea, mpiga picha alikuwa amekosea, na mimi pia nilikuwa nimekosea.

Katikati ya kuchimbua huko nilianza kusoma historia za kampuni nyingine huru. Mwanzoni nilitafuta tu namna ya kupanga aya. Nyingi nilizosoma zimeandikwa kama rasimu yangu ya kwanza: ndoto, urafiki, ushindi. Lakini ukizikuna kidogo unakutana na fedha na karatasi. Ismail Merchant na James Ivory walianzisha Merchant Ivory mwaka 1961, na filamu yao ya kwanza ndefu, ya mwaka 1963, ilinunuliwa na Columbia, studio ya Marekani, kwa rupia zilizokuwa zimekwama India, kwa sababu kampuni za Marekani zilikuwa zinabanwa kutoa mapato yao nje ya nchi hiyo. Kwa hiyo ushirikiano uliodumu zaidi ya miaka arobaini ulipata mguu wa kusimamia kutokana na fedha za mtu mwingine zilizokosa pa kwenda. Jambo kama hilo huwezi kulijua kwa kuangalia picha za zulia jekundu.

Habari iliyoninyima usingizi ni ya Image Ten. Hao walikuwa kikundi cha Pittsburgh, Marekani, watu kumi walioanza kwa kuchanga dola 600 kila mmoja. Wakatafuta nyingine hadi bajeti ikafika dola 114,000 hivi, wakatengeneza filamu ya kutisha iliyotoka mwaka 1968, Night of the Living Dead. Filamu ilikuwa na jina jingine hapo awali. Msambazaji alipobadilisha jina, akabadilisha na ile picha ya mwanzo yenye jina, na ilani ya hakimiliki iliyokuwa imeandikwa hapo ikaondoka nayo. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilidai ilani hiyo iwepo. Basi, filamu ikawa mali ya kila mtu. Yeyote aliweza kutoa nakala na kuuza, na waliochanga dola zao wakabaki watazamaji. Mstari mmoja wa maandishi! Nilisimama hapo hapo nikaenda kuangalia mwanzo na mwisho wa filamu zetu zote zinazofunguka. Mbili kati ya zile fupi zilikuwa na jina la kampuni lililokosewa herufi. Siku hizi katika nchi nyingi hakimiliki haitegemei tena ilani, lakini jina lililokosewa bado litamfanya mwanasheria ainue nyusi.

Ya Liberty Films ndiyo iliyonifunza kazi. Mwongozaji Frank Capra na wenzake waliianzisha mwaka 1945 ili wasiwe chini ya studio kubwa, wakatoa It's a Wonderful Life mwaka 1946, mapato yakawa hafifu, na mwaka 1947 kampuni ikauzwa kwa studio ya Paramount. Watu wengi huishia hapo. Mwaka 1974 hakimiliki ya filamu ile ilipaswa kuhuishwa na haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikawa vinaionyesha bure kila mwisho wa mwaka. Kisha mwaka 1993 Republic Pictures, iliyokuwa inashikilia haki za hadithi fupi ya asili na za muziki wake, ikazitumia kuirudisha filamu chini ya mamlaka yake. Soma tena: muziki na hadithi. Picha zenyewe zilikuwa huru, na bado aliyeshika hadithi na muziki aliweza kufunga mlango.

Nami mkataba wa muziki wa filamu yetu ya pili nilikuwa sijauona mahali popote.

Mtunzi wa ule muziki nilimpata kwa urahisi, bado tunajuana. Nilipomuuliza kama aliwahi kusaini chochote, alicheka hadi akakohoa. "Mliniambia tutamalizana." Ni kweli, nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, kwenye gari, miaka tisa iliyopita. Hakudai malipo ya mara moja, maana alijua hatuna. Aliomba asilimia ya mapato ya filamu hiyo, na maneno ya mkataba yaseme wazi kwamba muziki unabaki wake na sisi tunautumia kwa filamu hiyo tu. Nikasita kidogo, halafu nikaona angekuwa mjinga kuomba pungufu. Tukasaini. Tangu hapo hatuwashi kamera kabla mwandishi, mtunzi na kila mwigizaji hajaweka sahihi, hata kama ni rafiki. Hasa kama ni rafiki.

Sasa likabaki lile swali lililoniudhi.

Mhariri wetu wa kwanza aliondoka wakati tunamaliza filamu ya pili. Yeye alitaka ikatwe ifike dakika tisini, sisi tukataka mia na kumi, maneno yakavuka mipaka, akachukua begi lake. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Hapo sina pa kujificha nyuma ya neno "likaondolewa": orodha ile niliichapa mimi, na mkono uliofuta mstari wake ni wangu. Kwa miaka yote hiyo nilipokuwa nikisimulia mwanzo wa kampuni nilisema "tulikuwa wanne" kwa ulaini ambao mwishowe hata mimi niliuamini. Aliyebaki ndiye anayesimulia, na aliyeondoka hukatwa, kwa mkasi uleule tunaokatia filamu.

Nilikwenda kwake bila kupiga simu, jambo ambalo silipendekezi. Alifungua mlango, akanitazama kidogo, akasema, "Nilijua iko siku mtanitafuta. Sikudhani ungekuja wewe."

"Kaka, nimekuja kuomba radhi, na nimekuja na shida."

"Anza na shida. Radhi inaweza kungoja."

Nikamweleza habari ya msambazaji, ya cheti, ya filamu iliyozaliwa kabla ya kampuni. Akasikiliza, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyopauka. Ndani kulikuwa na karatasi moja ya daftari, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono. Inasema filamu ya kwanza ni mali ya waliosaini hapo chini kwa mafungu sawa. Chini kuna sahihi tano. Ya kwangu iko ya pili, na sikumbuki kabisa kuiweka. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa hati pekee ya umiliki wa filamu yetu ya kwanza duniani, na ilikuwa imehifadhiwa na mtu niliyemfuta.

Angeweza kutukamua. Alichotaka ni fungu lake la moja ya tano katika mapato ya filamu ya kwanza, kama karatasi inavyosema, na jina lake lirudi kwenye filamu ya pili. Kuhusu urefu wa filamu hakusema kitu hadi nilipokuwa mlangoni. "Bado ni ndefu," akasema. Nikamwambia najua. Nilikuwa nimeitazama wiki ile, na zile dakika ishirini alizokuwa anazilalamikia ndizo nilizozipeleka mbele kwa kidole.

Wote watano tukasaini hati ya kuikabidhi filamu ya kwanza kwa kampuni, huku mafungu yakilindwa. Kurudisha jina, jambo nililodhani ni la dakika tano, likachukua siku tatu: programu tuliyohariria enzi hizo haifunguki tena kwenye kompyuta za sasa, ikabidi nichape upya orodha nzima ya majina mstari kwa mstari kutoka kwenye skrini, pamoja na waliotuazima taa na aliyetupikia. Nilihesabu majina sitini na saba. Kumi na mawili sikuweza kukumbuka walifanya nini.

Kurasa mbili za historia nikaziandika upya kabisa. Nilitupa mpangilio wa zawadi na matamasha, nikaenda filamu kwa filamu: nani alitoa fedha, nani alisaini nini, nakala kuu iko wapi na katika hali gani. Hadidiski iliyokataa kufunguka nimeitaja pia, pamoja na filamu fupi mbili zilizopotelea ndani yake. Mtayarishaji alilalamika kwamba inasomeka kama ripoti ya mhasibu. Nikamkubalia kurudisha aya moja ya ile zawadi. Kwenye sehemu ya waanzilishi yakakaa majina matano.

Kabla ya kumtumia msambazaji nikawapelekea wote watano. Mhariri alijibu usiku uleule, kwa maneno machache: kurasa ni nzuri, ila tarehe ya kwanza si sahihi. Mkono unaoonekana umeshika kibao ni wake, na ule mkanda wa saa ni wake. Usiku ule taa zilitusumbua, tukaja kugonga kibao mara ya kwanza saa saba za usiku, naye alikuwa amekiandika jioni na hakubadilisha.

Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, nikafuta 13, nikaandika 14.